Mlango wa Sita

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ndivyo nilivyofundishwa mimi mwenyewe katika chuo cha ualimu, na ndivyo nilivyoandika ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka. Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu Makoongwe, kisiwa kidogo kinachoielekea Mkoani, na umri wangu umepita sabini. Hapa ndipo nilipotambua kwamba somo lile nililifundisha nusu.

Nina maradhi ya sukari, na kila siku hujichoma sindano ya insulini. Miaka ya mwanzo, sukari iliposhuka mno, mwili ulinipigia hodi: mikono ikitetemeka, jasho likinitoka, moyo ukienda mbio. Nikila tende mbili tatu, mambo hutulia. Asubuhi moja nilipanda mashua kwenda Mkoani, nami najiona mzima kabisa. Nahodha, kijana niliyemsomesha, akaniomba nauli, nikampa. Punde nikampa tena, kisha mara ya tatu. Akanitazama usoni, akasema, “Maalim, leo huko sawa.” Nikamjibu kwa ukali kwamba niko sawa sawa. Hakubishana nami. Alimimina chai yake yenye sukari nyingi, akanisimamia mpaka nikaimaliza. Akili iliponirudia, niliona haya.

Daktari alinieleza yaliyotokea. Mwili una walinzi wake wa ndani. Wako wanaopima msukumo wa damu shingoni na karibu na moyo, wanaopima chumvi ya damu ili tuone kiu, na wanaopima sukari. Habari zao hupanda kwenye ubongo kwa njia ya damu na ya mishipa ya fahamu. Mmoja wa mishipa hiyo, uitwao vagasi, hushuka kutoka kichwani hadi tumboni; na ajabu ni kwamba karibu nyuzi nne kati ya tano ndani yake kazi yake si kupeleka amri chini, bali ni kuleta habari juu. Mwingereza Charles Sherrington aliupa ujuzi huu wa ndani jina lake la kitaalamu mwaka 1906, miaka mingi kabla sijazaliwa. Lakini ubaoni kwangu haukufika.

Sukari ikishuka mara kwa mara, ubongo huizoea hali hiyo, ukachelewa kupiga mbiu. Mwenye mwili anabaki kusema “niko sawa” hali anazama.

Wavuvi wetu wa pweza wanalijua jambo la namna hii, ingawa hawaliiti kwa jina la kitabuni. Mzamiaji hasukumwi kupanda juu na upungufu wa hewa safi, bali hasa na wingi wa hewa chafu, kabonidayoksaidi, inayojaa katika damu. Anayehema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama huipunguza hewa ile chafu, basi akiwa chini haoni dhiki yoyote. Anaweza kuzimia majini bila ya onyo. Anajihisi salama, kumbe mlinzi wake amenyamazishwa.

Ndugu msomaji, lugha yetu ilikwisha kuyajua haya. Mtu mwenye hofu husema ana tumbo joto; aliyeshtuka husema roho imempaa. Na wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi methali hiyo niliifundisha pia, lakini sikuisikiliza.

Maana mwaka mmoja mwanafunzi wa kike aliniambia darasani, “Maalim, moyo unanienda mbio na macho yanaingia kiza.” Nilimtazama: hana homa, hana jeraha. Nikamwamuru asimame asome mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuufikia, alianguka. Baadaye nilipata habari kwamba alikuwa hajala tangu jana yake. Alikuwa akinipa habari ambayo milango yangu yote mitano isingeweza kuipata, nami nikaiita uvivu.

Daktari ameniambia kwamba nikijihadhari sukari isishuke kwa wiki kadhaa, huenda onyo likarudi. Ninapima kwa saa. Nimewaambia manahodha wote na majirani: mkiniona narudia maneno, nipeni kitu kitamu kwanza, ubishi baadaye. Na mjukuu wangu akisema tumbo linamkata, simtaki ushahidi; namuuliza limeanza lini.

Yule mwanafunzi sasa ni mama wa watu wazima. Mwezi uliopita nilivuka kwenda kumwomba radhi. Alicheka, akaniandalia chai, akasema jambo lile halikumbuki. Mimi nalikumbuka.