Barua kutoka Lenzing

Lenzing, Austria

Shangazi mpendwa,

  

Uliniuliza kama madera yale mepesi ya reyoni ni pamba au plastiki. Nimefika mji unaozalisha nyuzi za aina hiyo, na jibu ni kwamba si pamba wala si plastiki. Ni mti.

Kiwanda cha hapa kilianzishwa mwaka 1938. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi humo amenieleza hatua za kutengeneza nyuzi hizo. Magogo ya mti uitwao Buche hukatwakatwa na kupikwa hadi ibaki selulosi tupu, nyeupe. Hiyo hulowekwa katika kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, ikakamuliwa, ikachambuliwa, kisha ikachanganywa na kaboni disalfaidi. Hapo hugeuka rangi ya chungwa. Ikiyeyushwa tena katika soda, hupatikana viskosi, uji mzito kama asali. Uji huo huchujwa na kusukumwa kupitia vitundu vidogo mno, moja kwa moja ndani ya bafu la asidi salfuriki. Ukigusa asidi tu, unaganda kuwa nyuzi, na selulosi inarudi ilivyokuwa. Nyuzi huvutwa, huoshwa na kukatwa fupi fupi, tayari kusokotwa kuwa uzi wa reyoni. Ujuzi huu ni wa Waingereza watatu, Cross, Bevan na Beadle, waliousajili mwaka 1892.

Poliesta, ambayo ndiyo plastiki, ina njia yake. Hiyo hutokana na mafuta ya petroli: chembe zake huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 250, zikapitishwa kwenye vitundu na kugandishwa kwa hewa baridi. Ndiyo maana ukichoma uzi wa poliesta, unajikunja na kuacha donge gumu, wakati reyoni inawaka, inanuka karatasi na kuacha majivu. Wauzaji wakikubishia, washa kiberiti.

Lakini kuna jambo ambalo kiberiti hakiwezi kulionyesha. Ile kaboni disalfaidi haibaki kwenye kitambaa; hutoka kama hewa, na anayeivuta kwa muda mrefu huharibika mishipa ya fahamu, na wengine hurukwa na akili. Wafanyakazi wa viwanda vya viskosi Ulaya waliugua hivyo kwa miongo mingi. Hapa Lenzing, mwishoni mwa 1944, Wanazi walileta wafungwa wanawake zaidi ya 500 kutoka Auschwitz na kuwafanyisha kazi kwenye mvuke huo, hadi walipokombolewa Mei 1945.

Siku hizi kiwanda hiki hutengeneza pia nyuzi ziitwazo lyocell. Nazo hutokana na mti, ila selulosi yake huyeyushwa kwa kimiminika kingine bila kaboni disalfaidi, na zaidi ya asilimia 99 ya kimiminika hicho hurejeshwa kutumika tena. Hata hivyo, viskosi ya njia ya zamani bado ndiyo iliyo nyingi sokoni.

Basi Shangazi, akikwambia mtu kwamba reyoni ni salama kwa kuwa imetokana na mti, mkubalie kwa upande wa mvaaji. Kwa upande wa mtengenezaji, muulize kwanza imetoka kiwanda gani.



Mwanao