Nilifungua poti nyumbani ili dogo arudi kucheza

Leo sina umbea wa msanii wala wa mchumba wa msanii, mnivumilie tu. Stori ni ya kwangu mwenyewe, na ina ruta ndani yake.

Kwetu Tabata tulikuwa wanne: mzee, bi mkubwa, mimi na dogo. Mwaka jana mzee na bi mkubwa wakaachana. Sababu sitaingia huko, maana hata mimi nusu yake nimeisikia kwa mashangazi. Mzee akarudi kwao Mwanza, dogo akaenda naye. Dogo ana miaka 12. Kutoka Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, unapanda basi alfajiri unashuka usiku miguu imevimba, kwa hiyo habari ya kusema nitaenda wikiendi kumsalimia haipo.

Na mimi na dogo siyo watu wa simu. Nampigia: "Vipi?" "Poa." "Shule?" "Poa." "Umekula?" "Eeh." Kimya. "Haya dada, baadaye." Sekunde 40, imeisha. Unabaki unaitazama skrini kama uliyepigiwa na watu wa mikopo.

Kitu chetu sisi kilikuwa Minecraft. Kwa wasioujua, ni ule mchezo wa matofali kutoka Sweden, unachimba, unajenga, hakuna anayekuambia umeshinda. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona tukafungua dunia yetu kwenye laptopu moja, nusu saa mimi, nusu saa yeye, na saa ya kuhesabu ni ya bi mkubwa jikoni. Dogo akiwa na miaka saba akajenga nyumba juu ya kilima. Vyumba vinne, banda la kuku, na mlangoni kwangu kibao: CHUMBA CHA DADA USIINGIE. Chumba cha baba na mama alikiweka ghorofani, vitanda viwili vyekundu kavibananisha vikawa kimoja kikubwa. Miaka yote tumeongeza vitu kwenye nyumba ile. Alipoondoka, laptopu ilibaki kwangu na dunia ikabaki ndani ya laptopu.

Siku moja nikamtumia picha ya banda la kuku kwa WhatsApp. Kwa mara ya kwanza katika miezi miwili akajibu kwa sentensi nzima: "kuku wangu wale bado wapo???" Alama tatu za kuuliza, wadau. Usiku huohuo nikaanza kutafuta namna ya kumwingiza.

Kuweka seva yenyewe siyo kazi. Wenye mchezo wanatoa programu ya seva bure, unasakinisha Java, unaiwasha, inazima, inakuambia nenda kwenye faili la eula ukubali masharti, unabadilisha false iwe true, unawasha tena. Nikachukua folda ya dunia yetu nikaiweka ndani, na kabla ya hapo nikaikopi kwenye flashi. Hilo la flashi likumbukeni. Dakika 20 baadaye nilikuwa ndani ya nyumba yetu kwa kutumia seva, nimefurahi kweli. Nikamtumia dogo anwani: 192.168.1.50.

Akajaribu. Haikukubali. Nikamwambia jaribu tena. Mimi nilikuwa sijui.

Mshkaji wangu mmoja fundi kompyuta ndo alinielewesha. Akasema fikiria nyumba ya kupanga ya uswahilini. Geti ni moja, vyumba viko kumi. Barua zote za nje zinaandikwa anwani ya nyumba, siyo ya chumba. Ile 192.168 ni namba ya chumba, kila nyumba duniani inazo hizohizo, kumpa mtu wa Mwanza ni sawa na kumwambia "njoo chumba namba tatu" bila kumtajia mtaa. Sasa ruta ndo mama mwenye nyumba anayekaa getini. Ukitoka mwenyewe kwenda dukani anakukumbuka, ukirudi na mfuko wako anakufungulia. Lakini mgeni akija kutoka huko anakotoka, hajaitwa na mtu, mama anamfungia. Kufungua poti ni kumwambia mama: akija mgeni akataja 25565, usimuulize mengi, mlete moja kwa moja chumbani kwangu. Hiyo 25565 ndo poti ya kawaida ya Minecraft ya kompyuta.

Nikaelewa. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta kwa 192.168.1.1, jina na nywila zimebandikwa chini ya ruta yenyewe (badilisheni jamani, mgeni yeyote aliyekaa sebuleni anaweza kuzisoma). Kwanza nikaifungia laptopu ile 50 iwe yake daima, maana ruta hugawa namba upya, na ukiacha hivyo kesho mgeni anapelekwa kwenye TV. Halafu nikaandika: poti 25565, TCP, ipelekwe 192.168.1.50. Hifadhi. Halafu fayawoli ya Windows nayo nikaiambia iruhusu Java. Hapo wengi husahau, geti liko wazi na mlango wa chumba una kofuli.

Nikazima waifai ya simu ili niwe mtu wa nje, nikatumia bando kuingia kwenye tovuti ya kukagua poti. Imefungwa.

Siku nne. Nimezima ruta, nimewasha ruta, nimeweka Java upya, usiku wa tatu nikakata tamaa nikazima fayawoli yote, kitu ambacho fundi aliponisikia alishika kichwa. Imefungwa. Dogo kila jioni ananiandikia "tayari?" na mimi namjibu "kesho." Mnajua mzee wetu naye akiulizwa tarehe ya kuja Dar anajibuje? Kesho, wiki ijayo. Nikajisikia vibaya.

Kumbe tatizo halikuwa kwangu. Ndani ya ruta kuna sehemu inaonyesha anwani ambayo ruta yenyewe imepewa na kampuni ya intaneti. Yangu ilianza na 100.72. Nikiuliza Google anwani yangu ni ipi, naambiwa inaanza na 41. Hizo mbili zinatakiwa zifanane. Zisipofanana, na ya kwenye ruta ikaanza na 100.64 mpaka 100.127, ujue uko kwenye kitu kinaitwa CGNAT: nyumba yako ya kupanga nayo iko ndani ya uzio mkubwa wenye geti lake, na mlinzi wa pale hakujui. Unaweza kumpanga mama mwenye nyumba mpaka asubuhi, mgeni wako ameshafukuzwa geti la kwanza. Wanafanya hivyo kwa sababu anwani za zamani za IPv4 ni bilioni 4.3 tu na mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011, kwa hiyo wateja wengi wanapangishwa anwani moja.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nitafupisha, ila kipande hiki lazima mkisikie.

"Dada unataka kufungua nini?"

"Poti."

"Bandari?"

Nikaeleza upya. Taratibu, kama namweleza bibi. Akasema subiri, muziki ukapigwa weee, akarudi: "Dada, hapo nyumbani kuna kaka yeyote niongee naye?"

"Kaka yupo, ana miaka 12, yuko Mwanza, na ndo ninayemtafuta."

Akacheka, na kiukweli baada ya pale akawa mtu mzuri. Akanipeleka kwa mtu wa ufundi aliyejua kila kitu kwa sentensi moja: nahitaji anwani ya umma, inalipiwa pembeni, elfu ishirini kwa mwezi. Kuna njia za bure za kupitisha mchezo kwenye seva za watu wengine, playit.gg mojawapo, na kama huna hiyo hela anzia huko. Mimi nilishakuwa na hasira, nikalipa. Nywele mwezi ule nilisuka mwenyewe.

Ijumaa saa mbili usiku nikakagua poti. Iko wazi. Nikamtumia dogo anwani mpya. Kwenye dirisha jeusi la seva likatokea jina lake na neno joined. Wadau, nilipiga kelele mpaka bi mkubwa akatoka chumbani na khanga moja akidhani nyoka.

Dogo hakusema kitu. Alikimbilia kwenye kuku, akawahesabu, akapanda juu. Akasimama kwenye chumba chenye vitanda vyekundu, muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekwama. Halafu akatoka, akafunga mlango, akaandika: "twende tukachimbe".

Kuanzia hapo ikawa kila siku saa mbili baada ya homuweki. Na huyu mtoto wa "poa" akaanza kuongea. Anachimba huku anaandika: mwalimu wa hesabu anachapa. Mzee amejifunza kupika wali, unaungua. Kuna jirani analea njiwa. Mtu akiwa na kazi mikononi anaongea, hata kama mikono yenyewe ni ya matofali. Bi mkubwa akaanza kupita nyuma ya kiti changu. Anajifanya anatafuta rimoti. Siku ya tatu akauliza, "Muulize amekula." Nikaandika. Dogo: "mwambie sato". Bi mkubwa akarudi jikoni anacheka peke yake. Huyu ndo mtu aliyekuwa anazima ruta kila usiku kuokoa LUKU. Kesho yake nikakuta plasta kwenye soketi imeandikwa kwa kalamu ya wino: USIZIME.

Sasa kosa langu. Dogo hakuwa na akaunti ya kununua, alikuwa anatumia ile ya mchongo, msinihukumu. Ili akubalike nilibadilisha online-mode iwe false. Maana yake seva haimuulizi mtu kitambulisho, ukitaja jina unaingia. Na poti ikishakuwa wazi haionekani na mdogo wako tu. Kuna programu zinazunguka intaneti nzima usiku na mchana zikigonga kila geti kuona lipi limeachwa. Wiki ya tatu, saa tisa usiku, jina nisilolijua liliingia kwangu. Kumbukumbu za seva zinaonyesha lilikaa dakika 11.

Asubuhi nyumba ya kilimani ilikuwa imemwagiwa lava. Ilikuwa ya mbao. Ukabaki mlango wangu wa chuma umesimama peke yake, kibao hakipo. Kuku wote hakuna.

Niliogopa kumwambia kuliko nilivyowahi kuogopa mitihani. Nilichofanya kwanza ni kumnunulia akaunti halali, dola 30 hivi, nikarudisha online-mode kuwa true na kuwasha whitelist, orodha ya wanaoruhusiwa, majina mawili tu. (Ukihama kutoka akaunti ya mchongo kwenda halali, seva inamwona kama mtu mpya, begi lake linakuwa tupu. Almasi zake 14 zilipotelea hapo, na hizo bado ananidai.) Halafu nikampigia. Nikamwambia kila kitu, na nikamwambia pia kuhusu flashi: dunia nzima kama ilivyokuwa kabla sijafungua poti ninayo, dakika tano narudisha, kuku, vibao, vyumba vyote vinne.

Akanyamaza. Safari hii haikuwa ile ya sekunde 40.

"Usirudishe," akasema.

"Kuku je?"

"Nitafuga wengine."

Jioni akaingia, akaanza kusafisha majivu. Nilidhani anajenga upya ileile. Kilimani akajenga nyumba ndogo ya mawe, vyumba vitatu. Cha kwangu na kibao chake, cha kwake, na cha mama chenye kitanda kimoja, chekundu. Halafu akachukua mtumbwi akavuka ziwa, akajenga nyingine ng'ambo: cha baba, cha kwake tena, na kimoja akakiacha wazi. Nikauliza cha nani. "cha mgeni. wewe ukija."

Bi mkubwa alikuwa nyuma ya kiti. Hakutafuta rimoti. Aliangalia ile nyumba ya ng'ambo, akaniambia mwambie paa la kule liko chini, mvua za Mwanza zina upepo. Nikaandika. Dogo akaongeza tofali mbili.

Sasa anataka reli kati ya nyumba mbili, juu ya maji. SGR yenyewe bado haijafika Mwanza, sisi tutatangulia. Nimepiga hesabu, inataka zaidi ya vipande 400, na zile za kusukuma behewa zinataka dhahabu. Chuma tulichonacho hakifiki hata katikati ya ziwa. Saa mbili kasorobo hii, bi mkubwa ameshaniuliza mara mbili kama nimeiwasha.