Anko wa Upande Gani?

Mwezi huu tuongee juu ya kaneno kadogo ambako watoto wetu wanakaleta kutoka shule: anko. Siku hizi jirani ni anko, hata mwenye bodaboda ni anko. Hakuna ubaya. Lakini kwenye makaratasi neno hili linaweza kutuletea shida.

Waingereza wenyewe zamani walikuwa na maneno mawili. Kaka wa mama walimwita eam, kaka wa baba walimwita fædera. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia, na uncle likayafukuza yote mawili. Hilo nalo limetoka kwa Kilatini, avunculus, maana yake "babu mdogo", na lilikuwa la kaka wa mama tu. Kaka wa baba alikuwa patruus. Kumbe kwa asili yake, anko ni mjomba!

Sisi bado tunatofautisha. Mjomba ni mwingine, baba mkubwa na baba mdogo ni wengine. Majirani wetu wa Sudan Kusini wanaoongea Kiarabu wanasema khal kwa upande wa mama, amm kwa upande wa baba.

Mimi nalea watoto watatu wa marehemu dada yangu. Siku ya kuandikishwa karani aliniuliza mimi ni nani wao. Nikasema mjomba, akaandika uncle. Baadaye akafika mdogo wa baba yao, naye akaandikwa uncle. Basi anko wawili, na karatasi haikusema nani ni nani. Yule mtoto mkubwa akaanza kukosa usingizi, akiogopa atatengwa na wadogo zake. Tulikaa na wazee, watoto nao wakasikilizwa. Wamebaki kwangu, na likizo wanaenda kwa baba yao mdogo.

Kwa hiyo wazazi, mkiulizwa, msiishie kwa anko. Semeni: kaka wa mama yake, au mdogo wa baba yake, tena ombeni iandikwe hivyo hivyo. Na nyumbani wafundisheni watoto majina ya wajomba, ya baba wadogo, na vijiji vyao. Mtoto akipotezana na watu wake njiani, akisema "anko" tu, atatafutiwa wapi? Lakini akisema "kaka wa mama, wa kijiji fulani", hapo kuna pa kuanzia.