Mgongo wa Dirii



Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia ya falsafa ya kale alitugawa katika makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi lilitakiwa kuchagua kitu kimoja kilichotumika katika dunia ya Warumi, kukichunguza, kukitengeneza kwa mikono, kisha kukieleza darasani kwa kufuata zile sababu nne za Aristotle: kimetokana na nini, kina umbo gani, nani amekitengeneza, na ni cha kazi gani. Kundi moja lilichagua taa ya mafuta, jingine mizani. Sisi tulichagua dirii, lile vazi la chuma la askari. Mimi ndiye niliyependekeza, kwa sababu nilidhani naijua tayari.

Likizo iliyotangulia nilikuwa nimealikwa kutoa tafakari katika jumuiya ndogondogo ya parokia yetu. Nilichagua sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, pale Paulo anapowahimiza waamini wavae silaha za Mungu. Nikataja mkanda, dirii, viatu, ngao, chapeo na upanga. Kisha nikauliza, "Je, mmesikia silaha ya mgongo?" Watu wakatikisa vichwa. Nikasema haipo kwa sababu askari wa Kirumi hakulindwa mgongoni, na Mkristo vilevile hakimbii. Akigeuka tu, amekwisha. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo katika mahubiri fulani nikayapenda. Jumuiya iliitikia kwa nguvu, nami nikafurahi.

Wakati wa kuagana mama mmoja alinisogelea. Alisema kwa sauti ya chini, "Fratera, na yule aliyekimbia, Mungu hamlindi?" Nilijua anamzungumzia nani. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani usiku na watoto wawili, mkono umefungwa kanga, kwa sababu ya kipigo cha mumewe. Nilimjibu, "Mama, kila mtu ana msalaba wake. Tuombe." Nikaenda zangu.

Sasa nirudi kwenye kazi ya darasa. Tulianzia maktaba. Tuliona picha za Nguzo ya Trajan iliyoko Roma, iliyozinduliwa mwaka 113, ambayo askari wake wamechongwa wakiwa wamevaa mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama magamba ya kakakuona. Wataalamu huliita vazi hilo lorica segmentata, ingawa jina hilo si la Warumi wenyewe. Lilibuniwa na wasomi karne nyingi baadaye. Tukasoma pia kwamba mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, lilifukuliwa sanduku la mbao lililokazwa kwa vyuma, na ndani yake, pamoja na zana nyingine, mlikuwa na vipande vya dirii za namna hiyo vilivyoshikwa na kutu. Kutokana na vipande hivyo ilijulikana vizuri zaidi jinsi mabamba yalivyounganishwa: mikanda ya ngozi kwa ndani, ribiti, bawaba za mabegani, na vifungo vya kukazia.

Vifungo hivyo vilikuwa mbele na nyuma pia. Mabamba yalizunguka mwili mzima, na sehemu ya juu ya mgongo ilikuwa na mabamba yake. Nilitazama mchoro ule mara mbili, tatu. Nikajitetea moyoni kwamba huenda Paulo alikuwa na dirii ya aina nyingine mawazoni. Nikatafuta. Aina nyingine iliyotumika sana ilikuwa ya pete ndogondogo za chuma zilizofumwa kama wavu, nayo huvaliwa kama shati: ina kifua na ina mgongo. Kipande cha kifuani peke yake nilikikuta kwa Polybius, mwandishi wa karne ya 2 kabla ya Kristo. Anasema askari wa kawaida wa Roma walivaa bamba la shaba la upana wa shubiri moja mbele ya moyo, ila wenye mali zaidi walivaa dirii ya pete. Kumbe hata huko, aliyebaki na mgongo wazi hakuwa shujaa kuliko mwenzake. Alikuwa maskini.

Sikuwaambia wenzangu kitu. Nikapendekeza tutengeneze upande wa mbele tu, kwa kisingizio cha kubana matumizi ya bati.

Tulikwenda kwa mzee mmoja fundi bati, anayetengeneza ndoo na majiko ya mkaa karibu na soko. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu, akacheka, kisha akatupa mkasi wa bati na kona ya kufanyia kazi. Kwanza tulikata vipimo kwenye maboksi, ndipo tukahamishia kwenye bati. Alitufundisha kukunja kila ukingo kwa nyundo ili usikate ngozi, na kupiga bati polepole juu ya bomba ili lipinde bila kuvunjika. Badala ya ngozi tulitumia mpira wa ndani wa tairi la lori. Vidole vyangu vilichanika mara kadhaa. Nimeandika insha nyingi kuhusu umbo na mata, lakini siku zile ndipo nilipojua kwamba mata nayo ina msimamo wake.

Jumamosi ya pili tulimvalisha mwenzetu mmoja. Uzito wote ulimwangukia mbele, kamba zikamkaba shingo, na bati likamchoma kwapani. Fundi alimzunguka akimtazama, akauliza, "Nyuma kuko wapi?" Nikamjibu kwamba tumeamua kuiacha. Akasema, "Fratera, mbele hakukai bila nyuma. Na adui wa huyu mtu mmekubaliana naye apite mbele tu?"

Wenzangu walicheka sana. Mimi sikuweza. Usiku ule, baada ya sala ya Kompleta, nilikaa kanisani nikiwaza. Sikukosea historia peke yake. Nilichukua maneno matamu ambayo sikuyachunguza, nikamwekea mama wa watu mgongoni kama mzigo. Na Biblia ile ile niliyoishika inaeleza kwamba Paulo mwenyewe alitoroka Damasko akiwa ndani ya kapu lililoshushwa ukutani. Yosefu alimkimbiza Mtoto Yesu Misri usiku. Hakuna anayewaita waoga.

Nilimweleza padre mlezi wangu. Hakunikaripia. Alifungua Sheria za Kanisa, kanuni ya 1153, akanionyesha kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anampa sababu halali ya kuondoka, na kama kuna hatari katika kuchelewa, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Akasema, "Ulipaswa kuuliza kabla ya kufundisha. Sasa nenda ukaseme."

Tulimaliza mgongo wa dirii kwa wiki mbili. Kazi yetu ilipokelewa vizuri darasani, na vazi lenyewe sasa limetundikwa kwenye chumba cha mikutano.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa yule mama. Nilimweleza yote, hata habari za bati. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akasema, "Baada ya mafundisho yako nilimwambia arudi kwa mumewe. Alirudi. Alikaa wiki tatu." Binti alipita uani akiwa na ndoo ya maji. Juu ya jicho lake palikuwa na kovu ambalo halikuwapo mwanzo. Nilipomwamkia aliitikia, akaendelea na kazi zake.

Nilimwambia mama, "Naomba unisamehe." Akanyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Lakini siku ile hukuniambia mimi peke yangu. Nenda kawaambie na wale wengine."

Alhamisi iliyofuata nilisimama tena katika jumuiya ile ile, nikasema nilikosea, nikaeleza dirii ilivyokuwa, na habari za kapu la Damasko. Safari hii hakuna aliyeitikia kwa nguvu. Baada ya sala, wanawake wawili walibaki nyuma, wakaomba niwapeleke kwa paroko.

Nimeandika haya kwa ruhusa ya mama yule na binti yake. Ndugu zangu mafratera, wengi wetu tuna tafakari zinazopendwa ambazo hatujazichunguza. Tuzichunguze kabla mtu hajazivaa. Nanyi waamini, mkitusikia tumekosea, tuulizeni kama mama yule alivyoniuliza, na msikubali tuwajibu kwa "tuombe" peke yake.

Niombeeni.