Foleni ya Angani

Vijana hawaamini nikiwaambia kuwa miaka ya 1980, pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, tulipanga ndege zinazokuja kutua bila kuziona. Tulikuwa na redio, saa ya ukutani na vipande vya karatasi, kila ndege na kipande chake kwenye kishikio cha plastiki. Rubani akitaja umbali, kimo na dakika anayotarajia kufika, unaandika. Akishuka, unakata kimo cha zamani kwa kalamu na kusogeza kipande chini. Foleni nzima ilikuwa pale mezani.

Marubani wawili wakitaja dakika ileile, mmoja anashuka, mwenzake anazungushwa futi 1,000 juu yake, kama dakika 4 kila mzunguko. Waliofuatana njia moja kwa kimo kimoja tuliwatenganisha kwa dakika 10. Mafuta yalipotea, nakubali, lakini hakuna aliyebishana. Hofu yetu ilikuwa rubani aliyekosea kukadiria alipo, maana karatasi huamini kila inachoandikiwa.

Ikaja rada ya mwaka 2002, ile ya BAE Systems, ambayo wengi wanaikumbuka kwa “chenji ya rada” tu, yaani fedha zilizorudishwa zikanunua vitabu vya shule. Mwaka 2018 Rais Magufuli akaweka jiwe la msingi la rada nyingine 4: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Sina neno na rada. Aliyewahi kupanga ndege usiku wa masika kwa karatasi hawezi kuwa na neno nayo.

Ila maneno ya kazini yalibadilika. Nafasi kati ya ndege sasa inaonekana kwenye kioo, na kila mtu anaitamani. “Mzee, hapo si inaingia nyingine?” Mkubwa mmoja aliniambia tumezoeshwa uvivu na karatasi.

Basi chukua Caravan, ndege ndogo, inayotoka Zanzibar, imebakiza maili 10 za baharini, inakuja kwa maili 100 kwa saa. Nyuma yake maili 5 kuna jeti yenye mwendo wa 140. Caravan itafika kwa dakika 6. Katika dakika hizo jeti imekula maili 14. Zile 5 zimebaki 1, na kwenye kioo zilionekana mbali kabisa! Ukitanguliza ndege nzito, hewa inayovurugwa na mabawa yake inaweza kuibinua ndogo, ndiyo maana ndogo huachiwa maili 6. Upepo huo rada haiupunguzi.

Halafu kuna “naiona”. Rubani akisema anaiona ndege iliyo mbele, anaweza kuachiwa jukumu la kutunza nafasi, nasi tunapumua. Mimi sikupumua. Jua la jioni likimpiga machoni, ameiona ipi?

Kwa hiyo, ndugu abiria, ukizungushwa juu ya Kigamboni, usimwambie mhudumu kwamba watu wa mnarani wamelala. Wanaitafutia jeti yako maili zake.