Nibu, Rotring na Ukaidi wa Mzee

Tulipomzika mzee aliyenifundisha kazi, wachoraji wa rika langu tulikaa chini ya turubai, na haikuchukua muda ubishi wetu wa zamani ukafufuka: nibu ya kuchovya au Rotring, kalamu yenye mstari wa unene mmoja? Mwenzetu mmoja, aliyewahi kuwa mkuu wa chumba chetu cha wachoraji, bado anashikilia kwamba mzee alituchelewesha kwa kung'ang'ania nibu. Sikumjibu, msibani si mahali pa kushindana. Namjibu hapa, maadamu nimestaafu na wino ninao.

Utoto wangu ni mfupi kusimulia. Nilizaliwa Tanga, baba akifanya kazi reli. Nilichora ukutani kwa mkaa, nikachapwa, nikahamia kwenye daftari. Gazeti la Taifa Leo likifika kutoka Mombasa, nilikimbilia katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau kabla ya habari yoyote. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Juha akakatika, nami nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi.

Mzee niliyemkuta huko alikuwa mwandika mabango aliyehamia kwenye magazeti. Nilimwamkia, nikamkabidhi michoro yangu. Aliiweka kando bila kuifungua, akanishika mkono na kuugeuza kiganja juu.

“Una jasho, mwanangu. Kwanza tutibu hilo.”

Dar es Salaam jasho na mafuta ya kiganja huingia kwenye karatasi, na yakishaingia wino haushiki. Mstari unakatika katikati bila sababu unayoiona. Tangu siku ile sijachora bila kuweka kipande cha karatasi safi chini ya mkono. Kijana akija kwangu na kalamu ya bei mbaya, hicho ndicho ninachokitafuta kwanza.

Penseli alitaka HB, tena kwa mkono mwepesi. Penseli ngumu kama 4H ukiikandamiza inachimba mfereji ambao raba haiwezi kuufuta, na nibu ikipita hapo inadumbukia. Raba yenyewe haigusi karatasi mpaka wino ukauke kabisa, na hata ukikauka, raba huondoka na weusi kidogo. Kwa hiyo anayekandamiza penseli leo atalipa kesho. Kwa michoro ya haraka tulitumia penseli ya bluu iliyopauka, kwa kuwa filamu ya chumba cha giza, ambako michoro ilipigwa picha ya kuchapia, haikuiona bluu hiyo; hapakuwa na haja ya kufuta. Nyekundu ilikuwa kinyume chake: kwenye filamu ilitoka nyeusi tii.

Nibu mpya hutoka kiwandani imepakwa mafuta isishike kutu, na wino huyakimbia mafuta. Mzee aliilamba, akaifuta kwa kitambaa, ndipo akaichovya. Nibu huvutwa kuja kwako, haisukumwi. Mstari ukitaka kupinda, unageuza karatasi. Mkono unabaki ulivyo.

Sasa tuje kwenye ubishi. Kamera iliyopiga picha ya kazi zetu haikujua kijivu: ilijua cheusi na cheupe, basi. Tulichora kwa ukubwa wa mara moja na nusu ya ule wa gazetini, kisha mchoro ukapunguzwa hadi theluthi mbili. Mstari wa milimita 0.3 ulitua gazetini ukiwa 0.2. Hapo hapo karatasi ya gazeti, nyepesi na yenye kunyonya, ilitanua wino. Mistari myembamba ikafutika kwenye kamera, na nafasi finyu kati ya mistari zikaziba kwenye karatasi. Ndiyo maana mzee alisema nafasi kati ya mistari ya kivuli isipungue unene wa mistari miwili, na kivuli kifuate umbo: shavu la mviringo, mistari ya mviringo.

Mwenzetu alipenda nukta. Rotring hupiga nukta vizuri, sikatai, na mezani kazi yake ilipendeza kuliko ya yeyote kati yetu. Lakini gazetini nukta ndogo zilipotea, kubwa zikashikana, na waziri mmoja aliamka asubuhi na uso wa mgonjwa wa ndui. Nibu unaikaza unapotaka unene na kuilegeza unapotaka wembamba. Mstari wake una uti wa mgongo na unavumilia kupunguzwa. Mwenzetu alipopewa ukuu alibandika ukutani agizo la kuacha nibu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, maduka matupu, wino maalumu wa Rotring haupatikani. Vijana wakazijaza kalamu zao wino mweusi wa kichupa, ule wenye gundi ya shelaki, ukakauka ndani na kuziba. Droo ikajaa kalamu zilizokufa. Nibu iliosha uso kwa maji, ikarudi kazini.

Rotring naipa haki yake kwenye fremu, ramani na michoro ya vitabu vya sayansi, kila penye rula. Penye kiumbe hai, hapana.

Kumaliza kazi nako ni kazi. Weusi mpana jaza kwa brashi. Nibu itakuachia michirizi. Kosa kwenye karatasi ngumu likwangue kwa wembe likishakauka, kisha sugua pale kwa mgongo wa ukucha mpaka palainike, la sivyo wino mpya utasambaa. Nyuma andika kwa penseli laini. Kalamu ya bolpeni huvimbisha uso wa mbele. Acha pambizo, maana mikono ya watu haina huruma.

Vijana wananiambia hayo yamepitwa, siku hizi ni tableti. Sawa. Lakini msomaji wako sasa anatazama katuni kwenye kioo cha simu, na huko kupunguzwa ni kukali kuliko kwa kamera yetu. Kabla hujakabidhi kazi, itazame kwa ukubwa wa simu. Usichokiona, kiondoe. Ukiskani kazi ya wino, usishuke chini ya doti 600 kwa inchi, wala usiihifadhi kwa JPEG, inayochafua kingo za mstari. Mchoro haumaliziki mezani pako. Unamalizika machoni pa msomaji. Mzee alilijua hilo kabla hamjazaliwa.

La mwisho ni haki. Michoro yetu halisi ilibaki kwa waajiri, ikarundikwa, ikaliwa na mchwa au ikauzwa kwa kilo. Familia ya mzee ilipoomba hata mmoja, haikupewa kitu. Kijana, andika kwenye mkataba kwamba gazeti linanunua haki ya kuchapa, na mchoro halisi unarudi kwako. Mhariri akikataa, mpe nakala.