Kapuni Mna Nini?

Iko michezo ya kompyuta isiyo na picha hata moja. Mchezaji husoma maelezo ya mahali alipo, huandika amri kama "nenda kaskazini" au "chukua shoka", na mashine humjibu kwa maneno. Wachezaji wengine nao wamo humo kwa wakati uleule, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Hukutana, husemezana, hupeana vitu. Mchezo uliozipa jina jamii hizi, MUD, aliuanzisha Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, kisha Richard Bartle akauendeleza. Mwaka 1991 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wakatoa DikuMUD, ambao msimbo wake umezaa michezo mingi mno.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtunzi wa programu, anatunga mchezo wa aina hii kwa Kiswahili, na aliniomba nimpitie sarufi ya majibu ya mashine. Milango, njia na salamu tulizimaliza upesi. Tulipofika katika vyombo, yaani makapu, masanduku, mitungi na mikoba, tukapiga kambi.

Ndani ya msimbo, chombo ni jambo jepesi kushangaza. Kila kitu kina kumbukumbu mbili: kimo ndani ya nini, na ndani yake mna nini. Shoka limo kapuni, kapu analo mchezaji, mchezaji yumo chumbani. Kutia shoka kapuni si kulisogeza popote; ni kubadili jibu la swali la kwanza. Kwa mashine, chumba, mtu na kapu ni watoto wa baba mmoja, kwa kuwa vyote hubeba. DikuMUD ulikiongezea chombo tarakimu nne: uzito kinaoweza kuchukua, alama za kufungika na kutiwa kufuli, namba ya ufunguo wake, na tarakimu ya kuonyesha kama chombo hicho ni maiti. Naam, maiti. Katika michezo ile auawaye hugeuka kuwa chombo, na walio hai hupekua mali yake. Mchezo wetu hauna jambo hilo. Nilimwambia kijana kwamba maiti kwetu huoshwa na kusitiriwa, naye akaifuta tarakimu ya nne bila ubishi.

Kilichonishika zaidi ni ule udugu wa chumba, mtu na kapu. Kiingereza, lugha waliyoandikia waanzilishi, hakina namna moja ya kuusema: mchezaji huambiwa kwa kitenzi kimoja kwamba amebeba, kwa kingine kwamba mfuko umehifadhi kitu, na kwa cha tatu kwamba kitu kipo chumbani. Sasa tazama Kiswahili. Una shoka. Kapuni mna shoka. Mezani pana shoka. Shambani kuna shoka. Ni -na ileile. Kinachobadilika ni kiambishi kilichosimama mbele yake, kinachotaja nani au wapi. Sentensi hizi nilizifundisha miaka mingi, ya kwanza katika somo la umilikaji na zile tatu katika somo la mahali, vipindi mbalimbali na mara nyingine mihula mbalimbali. Kuziona zimejipanga katika mstari mmoja wa msimbo, zikifanya kazi moja, kulinipa furaha ambayo sikuitarajia baada ya kuweka chaki chini.

Kijana alikuwa na mpango mwingine. Alitaka kila jibu liwe "kwenye kapu kuna", "kwenye meza kuna", "kwenye chumba kuna". Mashine ingehitaji kiolezo kimoja tu, na zaidi ya hayo, alisema, ndivyo watu wasemavyo. Hapo ndipo tulipogombana, kwa heshima. Sina chuki na "kwenye". Ni -enye iliyovaa ku-, nduguye "penye" tunayoisikia katika methali: penye miti hapana wajenzi. Lakini siku hizi hata methali hiyo huisikia ikisemwa "hakuna wajenzi", na mwenye kusema hivyo haoni kwamba "pa" ya mwanzo imeachwa mjane. Neno moja linameza mengine, kidogo kidogo, na darasani nilikuwa na kalamu nyekundu tu ya kulizuia.

Hoja yangu kwake haikuwa ya huruma kwa lugha. Nilimwonyesha kwamba po, ko na mo zinaufaa mchezo. Mchezaji akisoma "mezani pana sanduku", anajua sanduku liko wazi machoni pake, anaweza kulichukua. Akisoma baadaye "sandukuni mna ufunguo", anajua kuna kuta nne na kifuniko, na kwamba akilichukua sanduku na ufunguo umekwenda nalo. Akiuliza habari za mtu akajibiwa "yuko ghalani", ajue ni huko, mbali, hajaelekezwa penyewe. Viambishi hivi ni taarifa. Mchezo wenye mafumbo unaozitupa taarifa zake ili kuokoa violezo viwili unajipunja.

Akakubali, tena akagundua faida ambayo mimi sikuwa nimeiona. Katika "kapuni mna shoka, ufunguo na mkate", kitenzi kinakubaliana na kapu, mahali, wala hakijali ngeli za vilivyomo. Mashine haina haja ya kukokotoa lolote. Lau tungeanza na vitu, ingebidi ijue kwamba shoka limo, ufunguo umo, visu vimo, mbwa yumo, na mseto wa vitu vya ngeli mbalimbali vimo. Kwa hiyo tuligawa kazi: orodha hutolewa kwa "mna", na swali la kitu kimoja hujibiwa kwa -mo. Chombo kitupu hujibu "hamna kitu", nayo meza tupu "hapana kitu". Vijana wanaosema "hamna" kwa maana ya kukataa tu, na sisi sote tusemao "hapana", tunakataa kwa maneno yaliyokuwa yakichungulia ndani ya vyombo na juu ya meza.

Kuhusu amri za mchezaji tulipatana hivi: akiandika "weka shoka kwenye kapu", mashine inamwelewa na kumtii, kisha inamjibu, "Umetia shoka kapuni." Haimkosoi. Mwalimu asiyekaripia, anayerudisha sentensi iliyonyooka na kuendelea na somo, ndiye niliyejaribu kuwa kila asubuhi. Mashine haichoki kuwa huyo.

Kiambishi -ni nacho kilileta vituko. Mashine ilifundishwa kukikata ili kupata jina la chombo: kapuni, kapu, mtungini, mtungi. Ikafika "sahani", ikakata, ikaanza kutafuta kitu kiitwacho "saha". Tiba yake ni kulitafuta neno zima kwanza, na kukata pale tu lisipopatikana. Hivyo "sahani" hupita salama, na "sahanini" hukatwa mara moja.

Halafu kuna swali la kutia kapu ndani ya kapu lenyewe, au kapu ndani ya gunia lililomo tayari kapuni. Bila kinga, vitu hivyo hubebana vyenyewe kwa vyenyewe, vikaelea nje ya dunia nzima, visionekane tena. LambdaMOO, mchezo wa mwaka 1990 wa Pavel Curtis, ulikuwa na kosa lake maalumu la kuzuia jambo hilo. Njia ni kupanda ngazi kutoka chombo kinachopokea: kimo ndani ya nini, na hicho kimo ndani ya nini, hadi juu kabisa, ukikikuta njiani kitu unachotaka kukitia, kataa. Jibu la kukataa nililiandika mwenyewe: "Kapu halijitii kapuni." Washairi wataona kwamba kutia na kutii hukutana katika ukanushi, nami nakiri kuufurahia mkutano huo kuliko inavyostahili.

Vitenzi vya kufunga ndivyo vilivyotuchukua muda mrefu kuliko vyote. Alama ya msimbo ni moja tu, kimefungwa au hakikufungwa, lakini ulimi wetu hauridhiki nayo. Sanduku hufungwa na kufunguliwa, chungu hufunikwa na kufunuliwa, chupa huzibwa na kuzibuliwa. Kisu huchomekwa katika ala na kuchomolewa. Kijana alikubali kila chombo kibebe jozi yake ya vitenzi pamoja na uzito wake. Mtu akiandika "fungua chungu", chungu kinafunuliwa, na jibu linasema, "Umefunua chungu. Chunguni mna maharage."

Chombo cha mwisho tulichokiandika ni yai, kwa ajili ya kitendawili kinachojulikana na kila mtoto: nyumba yangu haina mlango. Yai lina kitu ndani, kwa hiyo ni chombo. Jozi yake ya vitenzi ina upande mmoja tu, kwa kuwa liwezalo kupasuliwa haliwezi kurudishwa. Ukiandika "fungua yai", mashine inakujibu kwamba nyumba hii haina mlango. Ukiandika "pasua yai", yai linaondoka katika orodha ya vitu, na ukiwa na bakuli karibu unasoma, "Bakulini mna ute na kiini." Kama huna bakuli, vimo sakafuni au vipo sakafuni? Kijana anasema vipo, nami naona hivyo hivyo, ila sakafu ya jiko la mchezo wetu ni ya udongo, na udongo hunywa.